Kwa nini taa ya LED hupoza chumba, na namna ya kuipa joto bila kupoteza umeme

Malalamiko ni yale yale. Mtu amebadilisha balbu zote za nyumbani, matumizi ya umeme yameshuka kweli, lakini jioni akikaa sebuleni chumba hakimkaribishi. Nyuso zimepauka, mbao za meza zimeingia ukijivu, na macho yanachoka mapema. Wengi huishia kusema LED ndivyo zilivyo: ukitaka kuokoa umeme, vumilia mwanga baridi. Si kweli, na inasikitisha kuona watu wakilikubali hilo na kukaa miaka kumi chini ya mwanga wasioupenda.

LED inaweza kutoa mwanga mtulivu, wenye joto, unaopendeza ngozi na mbao. Shida ni kwamba tunanunua kwa kuangalia namba moja kwenye boksi, pengine hata hiyo hatuiangalii, ilhali joto la mwanga hutokana na mambo kadhaa yanayoshikana: rangi yake, wekundu uliomo ndani yake, namna unavyobadilika ukipunguzwa, na mahali taa ilipokaa chumbani. Kwa maoni yangu hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote, na ndilo linalosemwa kidogo kuliko yote. Lakini tuanzie ndani ya balbu, maana bila kujua mwanga unatoka wapi, ushauri wote unabaki kuwa wa kukariri.

Mwanga wa waya na mwanga wa chipu

Balbu ya zamani ilitoa mwanga kwa sababu waya wake mwembamba wa tungsteni ulipata moto mkali sana, karibu 2,700 kwa kelvini, ambacho ni kipimo cha moto. Kitu kikifikia moto wa kiasi hicho hung'aa, na mng'ao wake huwa na rangi zote zikifuatana bila pengo: bluu kidogo, kijani na njano zaidi, nyekundu nyingi kuliko hizo. Sehemu kubwa kabisa ya nishati haikuonekana hata kidogo, ilitoka kama joto. Ndiyo maana balbu ya wati 60 ilitoa lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) kama 800 tu na bado ilikuunguza ukiigusa. LED ya wati 8 au 9 hutoa mwanga huo huo.

LED haichomi kitu ili ing'ae. Umeme ukipita kwenye chipu yake ya semikondakta, chipu hutoa mwanga wa rangi moja. Nyekundu ilipatikana mapema. Nick Holonyak alionyesha LED ya mwanga mwekundu unaoonekana mwaka 1962. Iliyosumbua watafiti kwa miongo mitatu iliyofuata ni bluu. Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura ndio waliofanikisha LED ya bluu yenye mwanga wa kutosha, na kwa kazi hiyo wakapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Bluu ilisubiriwa kwa hamu kwa sababu ndiyo iliyofungua njia ya kupata mwanga mweupe. Chipu ya bluu hufunikwa kwa unga maalumu ambao hunyonya sehemu ya mwanga wa bluu na kuutoa tena ukiwa wa njano. Bluu inayopenya ikichanganyika na njano hiyo, jicho huona nyeupe.

Kwa hiyo karibu kila taa ya LED uliyo nayo nyumbani, hata ile inayoonekana ya njano kabisa, ina chipu ya bluu ndani yake. Hata zile balbu za kioo zenye vijiti vya njano vilivyotengenezwa vifanane na waya wa zamani. Vijiti hivyo ni safu za chipu za bluu zilizopakwa unga. Ili mwanga uwe na joto, mtengenezaji huongeza unga wa njano na kuchanganya unga mwingine unaotoa mwanga mwekundu.

Hapo kwenye wekundu ndipo kuna mtego. Lumeni hupimwa kwa kufuata jinsi jicho linavyoona, na jicho la mchana huona vizuri zaidi rangi ya kijani yenye kuelekea njano, kwenye urefu wa wimbi wa nanometa 555. Kadiri mwanga unavyozama kwenye nyekundu, ndivyo unavyohesabiwa lumeni chache. Balbu yenye wekundu wa kutosha, basi, hupata alama ya chini kidogo kwenye mizani ya lumeni kwa kila wati, hata kama nishati inayotoka ni ile ile. Mtengenezaji anayeshindania kuandika namba kubwa kwenye boksi ana kila sababu ya kubana nyekundu. Ukielewa hili moja, utaelewa kwa nini balbu mbili zenye wati sawa na rangi inayodaiwa kuwa sawa huweza kukifanya chumba kimoja kionekane hai na kingine kionekane kimezimia.

Kelvini hupanda, joto hushuka

Namba ambayo watu wengi wameisikia ni ile ya kelvini, inayotaja rangi ya mwanga kwa kuilinganisha na moto wa kitu kinachong'aa. Huchanganya kwa sababu inakwenda kinyume na tunavyodhani: kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo mwanga unavyoelekea bluu na kuonekana baridi. Mshumaa uko karibu 1,900. Balbu ya zamani ya waya ni 2,700 hivi, halojeni karibu 3,000. Taa za ofisi mara nyingi ni 4,000, na zile zinazouzwa kama mwanga wa mchana hufika 6,500.

Sebuleni na chumba cha kulala, chukua 2,700. Ukiona 3,000 imeandikwa kwamba nayo ni ya joto, ni kweli kwa kiasi, lakini usidhani tofauti ya 300 ni ndogo. Jicho halihesabu kelvini moja moja; linahisi tofauti zaidi pale chini kuliko juu. Wataalamu wa taa hutumia kipimo kingine, miredi, kinachopatikana kwa kugawa milioni moja kwa kelvini, na humo mambo hujidhihirisha: kutoka 2,700 hadi 3,000 ni hatua ya miredi 37, wakati kutoka 6,000 hadi 6,500 ni 13 tu. Kwa hiyo kati ya balbu mbili zilizoandikwa kuwa za joto kunaweza kuwa na tofauti kubwa machoni kuliko kati ya mbili za mwanga wa mchana. Za 2,200 nazo zipo. Zinapendeza pembeni ya kitanda au kwenye kona ya kupumzikia, ila usizitegemee kwa kusoma au kushona.

Kuna jambo ambalo halimo kwenye boksi lolote. Macho huzoea. Ukikaa kwenye chumba chenye mwanga wa 2,700 pekee, baada ya muda mfupi ubongo unaichukulia karatasi nyeupe kuwa nyeupe, na hutauona unjano. Lakini weka ndani ya chumba hicho taa moja tu ya 5,000, na mazoea hayo yanavunjika. Ile ya joto inaonekana chafu, kama kioo chenye moshi, na ile nyeupe inaonekana ya bluu. Watu wengi wanaolalamika kwamba balbu za njano ni mbaya kumbe wanaziangalia zikiwa zimechanganywa na nyeupe, pengine zinazotoka jikoni kupitia mlango ulio wazi. Chagua rangi moja kwa eneo lote linaloonekana kwa mtazamo mmoja. Kama jikoni ni lazima kuwe na mwanga mkali zaidi, ongeza wingi wake kwa lumeni, rangi iache karibu na ile ya sebule.

Halafu kuna balbu ambazo kelvini zake ni sahihi na bado zina rangi ya ajabu, ukijani fulani unaofanya uso uonekane mgonjwa. Kelvini hueleza tu mwanga umeelekea wapi kati ya nyekundu na bluu. Haisemi kama umeteleza kuelekea kijani au kuelekea waridi, na balbu mbili za 2,700 zinaweza kuteleza kila moja upande wake. Watu wengi huvumilia waridi kidogo, na hata kuipenda, ukijani hauvumiliki. Kwa kuwa boksi halisemi, kipimo kilichobaki ni macho yako, balbu ikiwaka.

Nyekundu isiyoonekana kwenye namba

Baada ya kelvini, tafuta CRI, wakati mwingine huandikwa Ra. Ni alama, ya juu kabisa ikiwa 100, inayoeleza jinsi taa inavyoonyesha rangi za vitu ikilinganishwa na mwanga wa waya au wa mchana. LED nyingi za nyumbani zina alama 80 na kidogo. Zinazofaa pale unapokaa na watu ni za 90 kwenda juu.

Lakini CRI nayo ina upofu wake. Alama hiyo ni wastani wa sampuli nane za rangi, na zote nane ni rangi zilizopooza. Nyekundu iliyokolea haimo. Ipo kwenye orodha ya nyongeza kama sampuli ya tisa, huandikwa R9, na haihesabiwi kwenye wastani. Taa ya CRI 80 inaweza kuwa na R9 iliyo karibu na sifuri, au hata chini ya sifuri, na boksi likabaki linajisifu. Mwanga wa namna hiyo ni kwaya isiyo na besi: wimbo unasikika wote, maneno yote yapo, lakini hakuna kinachotetemesha kifua.

R9 ina uzito huo nyumbani kwa sababu wekundu umejificha kwenye vitu visivyoitwa vyekundu. Ngozi ya binadamu, ya rangi yoyote, hupata uhai wake kutokana na damu inayopita chini yake. Mbao, ngozi ya viti, udongo uliochomwa, nyanya, nyama, zulia la kahawia, vyote hurudisha nyekundu nyingi. Nyekundu isipokuwepo kwenye mwanga, vitu hivyo havina cha kurudisha, na huonekana vimekufa. Mwaka 2015 jumuiya ya wahandisi wa taa ya Marekani Kaskazini ilitoa mfumo mpya wa kupimia, TM-30, unaotumia sampuli 99 badala ya nane, na huo hueleza vizuri zaidi. Kwenye maboksi ya dukani bado ni nadra kuuona.

Jaribio la nyumbani ni rahisi na linatosha. Washa balbu peke yake usiku, weka kiganja chako chini yake, umbali wa urefu wa mkono, ukiwa umekifungua. Angalia ncha za vidole na sehemu ya nyama chini ya kidole gumba. Chini ya mwanga mzuri utaona wekundu wa damu ukitofautiana na ngozi inayozunguka, na mistari ya kiganja ikiwa na kina. Chini ya mwanga uliobanwa nyekundu, kiganja kizima huwa rangi moja, bapa, chenye unjano au ukijivu. Kisha fanya hivyo hivyo mchana karibu na dirisha ili ujue kiganja chako hasa kina rangi gani. Ukishaona tofauti hiyo mara moja, hutahitaji tena mtu wa kukueleza CRI.

Kuna namba ya tarakimu tatu ambayo wakati mwingine huandikwa kwenye balbu yenyewe au pembeni ya boksi, na wengi huipita. Tarakimu ya kwanza ni CRI, mbili zinazofuata ni kelvini. 827 maana yake CRI ya themanini na kitu, kelvini 2,700. 927 ni CRI ya tisini na kitu, kelvini 2,700. 840 na 865 ni za ofisini na karakana. Kama unataka sebule yenye joto, 927 ndiyo unayotafuta. Balbu ya 927 hutoa lumeni chache kidogo kwa wati zile zile kuliko 827, kwa sababu niliyoitaja ya jicho na nyekundu. Ni gharama ndogo sana ukiilinganisha na ulichookoa kwa kuacha balbu ya waya, na mimi nailipa bila kusita.

Watu wengine hujaribu njia ya mkato: karatasi ya njano, kitambaa cha machungwa, rangi iliyopakwa juu ya balbu. Kichujio huondoa tu. Kinaweza kupunguza bluu, lakini hakiwezi kuongeza nyekundu ambayo haikuwemo. Unabaki na mwanga wa njano uliopungua nguvu, na kiganja bado ni bapa. Zaidi ya hapo, balbu iliyofunikwa hushindwa kutoa joto lake. Ni kweli LED haipashi chumba moto kama balbu ya waya, lakini chipu na saketi zilizo kwenye shingo yake huumizwa na joto kidogo kidogo, na hilo ndilo hufupisha maisha yake. Sababu hiyo hiyo hufanya LED iliyofungiwa ndani ya globu isiyopitisha hewa ife mapema kuliko saa zilizoahidiwa, isipokuwa kama imetengenezwa kwa ajili ya taa za kufungwa.

Ukipunguza mwanga

Waya wa tungsteni ulikuwa na tabia nzuri ambayo hatukuitambua mpaka ilipotoweka. Ulipopunguza umeme, waya ulipoa, na ulipopoa mwanga wake ulizidi kuwa mwekundu, ukishuka kuelekea ule wa mshumaa. Hata jua linapotua hufanya hivyo: linafifia na kuwa jekundu kwa pamoja. LED ya kawaida haifanyi hivyo. Ukiipunguza, hubaki 2,700 ile ile ila hafifu, na mwanga hafifu usiozidi wekundu huonekana wa kijivu.

Mtafiti Arie Kruithof aliliandika jambo hili mwaka 1941: kwamba mwanga mdogo hupendeza ukiwa wa joto, na mwanga wa kelvini nyingi huhitaji kuwa mwingi ili usichukize. Mipaka aliyoichora imepingwa na majaribio ya baadaye, hivyo haifai kuishika kama sheria. Hata hivyo, anayetaka jioni yenye joto hujikuta anafuata nusu yake ya kwanza: mwanga mdogo, wenye wekundu.

Zipo LED zilizotengenezwa kuiga tabia ya waya. Ndani yake huwa na seti mbili za chipu, moja ya joto ya kawaida na nyingine ya wekundu zaidi, na kadiri unavyopunguza ndivyo seti ya pili inavyoshika usukani. Mwanga hushuka kutoka 2,700 hadi karibu 2,000. Kwa meza ya chakula na kwa chumba cha kulala, sijaona kitu kingine kinachokaribia balbu ya zamani kiasi hicho. Zile balbu zinazoongozwa kwa simu hufanya kazi inayofanana kwa kubadilisha rangi zenyewe, ila hunyonya umeme kidogo saa zote hata zikiwa zimezimwa kwa programu, maana lazima zisikilize amri.

Kabla ya kununua ya kupunguzwa, angalia swichi. Swichi nyingi za zamani za kupunguza mwanga zilitengenezwa kwa mzigo wa mamia ya wati, na ukiziwekea LED mbili za wati tano, hazijui la kufanya: taa hupepesa, huvuma, au hukataa kushuka chini ya nusu. Kuna swichi zinazokata mwisho wa wimbi la umeme badala ya mwanzo wake, na hizo huelewana zaidi na LED. Mwambie fundi hivyo hivyo. Na balbu yenyewe lazima iwe imeandikwa kwamba inaweza kupunguzwa. Isiyo na maandishi hayo itaharibika au kukusumbua.

Kupepesa kwenyewe ni chanzo kingine cha mwanga kuonekana mkali bila sababu ya wazi. Umeme wa mitandao mingi huzunguka mara 50 au 60 kwa sekunde, na taa iliyotengenezwa kwa ubahili, isiyo na kapasita ya kutosha kutuliza mawimbi hayo, huwaka na kufifia mara 100 au 120 kwa sekunde. Jicho halioni, lakini baadhi ya watu hupata maumivu ya kichwa na uchovu. Tandaza vidole chini ya taa uvipunge haraka kushoto na kulia. Vikiacha ukungu laini, taa iko sawa. Ukiviona vimekatika katika picha nyingi zilizopangana, taa hiyo inapepesa, na hakuna kelvini itakayoiponya.

Taa moja katikati ya dari

Tuseme sasa una balbu ya 927, haipepesi, kiganja kinapendeza chini yake. Ukaitia kwenye holda moja katikati ya dari, na chumba bado ni baridi. Hapa ndipo watu hukata tamaa na kurudisha balbu dukani, na balbu haina kosa lolote.

Mwanga unaotoka juu kabisa, kutoka nukta moja, humwagikia sakafu na utosi. Macho huzama kwenye vivuli, chini ya pua na kidevu kunakuwa na giza, kuta hubaki nusu zimewaka, na kona zote zinatoweka. Ili mtu aone kazi yake chini ya taa hiyo moja, lazima iwe na nguvu sana, na ikiwa na nguvu sana inaumiza kila anayeinua macho. Hakuna rangi inayoweza kurekebisha mpango huo. Balbu ya waya nayo haikupendeza sana pale juu. Tuliisamehe kwa sababu ya wekundu wake.

Gawanya mwanga huo. Badala ya taa moja ya lumeni 1,500 juu, weka tatu za lumeni 400 hivi, chini: moja kando ya kiti, moja juu ya kabati fupi, moja kwenye kona ikielekea ukutani. Usawa mzuri ni ule wa macho ya mtu aliyeketi, au chini yake kidogo, kwa sababu hapo mwanga unafika usoni kutoka ubavuni na kuzijaza zile sehemu zenye vivuli. Kila moja itatumia wati 4 au 5. Jumla haizidi wati 15, robo ya balbu moja ya zamani ya wati 60. Hapa hakuna mvutano kati ya kuokoa umeme na kustarehe; taa nyingi ndogo zimewezekana kwa sababu LED hula umeme kidogo.

Kisha tumia kuta. Taa inayoelekezwa ukutani haionekani yenyewe. Unachoona ni ukuta uliopata mwanga, eneo pana lisiloumiza macho. Na mwanga unaorudi umechukua rangi ya ulichokigusa. Ukuta wa rangi ya maziwa au udongo mwepesi hula sehemu ya bluu na kurudisha njano na nyekundu, bila wewe kununua kitu. Ukuta mweupe unaoelekea bluu hufanya kinyume, na nimeona watu wakibadilisha balbu mara kwa mara ilhali kosa liko kwenye rangi ya ukuta. Mazulia, mapazia na mbao nazo huchangia. Ukuta wa rangi nzito humeza mwanga mwingi, kwa hiyo hapo ongeza lumeni kidogo.

Vifuniko vya taa vinastahili kuangaliwa kwa karibu zaidi. LED nyingi za kawaida, zile zenye kichwa cha plastiki nyeupe na shingo pana, zina chipu zilizolala kwenye sahani bapa zikitazama juu. Mwanga mwingi huenda mbele, kidogo sana hurudi nyuma kuelekea shingo. Ukiiweka kwenye taa ya mezani yenye kifuniko cha kitambaa, sehemu ya juu ya kifuniko huwaka sana na ya chini hubaki na giza, na meza haipati kitu. Kwa taa za namna hiyo chukua balbu za kioo zenye vijiti, ambazo hutawanya mwanga pande zote. Chagua zenye kioo cha ukungu. Kioo angavu kinapendeza kwenye picha, lakini usiku vijiti vile vinachoma macho, na ukishalazimika kukwepa taa kwa macho, joto lake halina maana tena. Kifuniko chenyewe kiwe cha kitambaa au karatasi ya rangi ya malai, chenye kimo cha kuficha balbu kabisa kwa mtu aliyeketi na kwa mtu aliyesimama.

Taa ya dari usiitupe. Iache kwa kufagia, kutafuta kitu kilichoanguka, wageni wengi. Iweke kwenye swichi yake, na nyingine ziwe na zake.

Usiku na usingizi

Jicho lina chembe ambazo hazihusiki sana na kuona. Ziligunduliwa kwa mamalia mwaka 2002, na huhisi zaidi mwanga wa karibu na nanometa 480, bluu yenye kuelekea kijani. Zikiamshwa, huambia ubongo kwamba bado ni mchana, na homoni ya melatonini inayotayarisha usingizi huzuiwa. Balbu ya 2,700 ina bluu hiyo kidogo kuliko ya 6,500, lakini inayo. Wingi wa mwanga una uzito sawa na rangi yake; sebule iliyowashwa kwa nguvu zote kwa balbu za joto bado inaweza kuchelewesha usingizi. Saa mbili kabla ya kulala, zima za juu na ubaki na moja au mbili za chini.

Ukienda kununua

Usinunue za nyumba nzima siku moja. Chukua moja ya 927, au yoyote iliyoandikwa CRI 90 na 2,700, yenye lumeni unazohitaji. Soma lumeni, usisome maneno ya "sawa na wati" kwa kuamini tu. Ipeleke nyumbani, subiri giza, iwashe mahali itakapokaa, ukiwa umezima zote nyingine. Fanya jaribio la kiganja na la vidole. Kaa chini yake saa nzima, usiihukumu dakika ya kwanza, maana macho bado yanakumbuka balbu ya zamani.

Ikikuridhisha, rudi ununue za chumba hicho zote kwa mara moja, aina ile ile, na ya akiba juu. Balbu za kampuni moja zenye namba zile zile zinaweza kutofautiana kidogo kutoka toleo hadi toleo, na tofauti hiyo haionekani mpaka mbili ziwekwe kwenye ukuta mmoja. Watengenezaji makini huandika kiasi cha tofauti ya rangi wanachoruhusu kati ya balbu na balbu, kwa hatua za kipimo kinachotokana na kazi ya David MacAdam ya mwaka 1942. Hatua tatu au chini ya hapo ni nzuri, sita utaziona kwa macho. Zisipoandikwa, kununua pamoja ndiyo kinga uliyo nayo.